Kidonge Kimoja, Mng'ao Mmoja

Wanaosema 'Malimpho ni mjinga waje kijijini kwetu Ha Sekonyana wayaseme mbele yangu. Mimi ni jirani yake. Nimemwona akipanda milima hii na mkoba wa zahanati mgongoni, theluji imefika magotini, wakati hao wasemaji wamejifunika blanketi hadi puani. Mjinga hafanyi hivyo. Kilichomponza ni adabu.

Alipoolewa hapa alimkuta baba mkwe anayeitwa Letsatsi. Kwa Kisotho letsatsi ni jua, na ni siku vilevile. Neno ni hilohilo. Na kwetu mke wa mtu hataji jina la baba mkwe wake, wala neno linalofanana nalo. Akilitaja ni kama amemvua mzee blanketi mbele za watu. Basi fikiria uishi miaka yote bila jua na bila siku kinywani. Wengine wetu tuliolewa na watoto wa wazee wenye majina mepesi, hatukupata taabu. 'Malimpho akajitungia neno lake: mng'ao. "Mng'ao mkali leo." "Nitakurudishia sufuria baada ya ming'ao miwili." Tulimcheka weee, halafu tukazoea, na mwishowe tukiwa naye na sisi tunasema mng'ao.

Mumewe alirudi kutoka migodini Afrika Kusini amebaki mifupa, enzi zile watu wakisema karogwa, akafa. 'Malimpho akapimwa, naye akakutwa na virusi vya UKIMWI. Hakujificha. Alianza dawa, akanenepa, kisha akaomba kazi ya kusaidia zahanati hapa kijijini. Wakubwa wa wilaya walikuwa na malengo yao: karibu kila mtu ajue hali yake, mwenye virusi ameze dawa, na dawa iwanyamazishe virusi hivyo mwilini. Kwao yalikuwa malengo. Kwake yalikuwa mume wake. Aligonga milango, akatukanwa, akarushiwa mbwa, akarudi kesho yake na biskuti za huyo mbwa.

Hata mimi ndiye aliyenishika mkono nikapimwa. Ningekuwa nimekwisha oza.

Akabaki mtu mmoja. Tlali, shemeji yake, mtoto wa mwisho wa mzee Letsatsi na wa pekee aliyekuwa hai. Huyo alikuwa mtu wa kambi ya mifugo kule juu tangu utotoni. Kijijini alishuka kuchukua unga na chumvi, basi. Shule hakuijua. Alijua kondoo. Mzee alimpenda mpaka ukimtazama akimtazama unaona aibu wewe.

Siku gari la zahanati lilipokuja, kwa bahati Tlali naye alikuwa ameshuka. 'Malimpho akamdaka nje ya zizi, mimi nikiwapo.

"Shemeji, kijiji kizima kimetoa damu. Mmebaki wewe na mbuzi."

"Anza na mbuzi. Mimi nitafuata."

"Mbuzi hana mchumba ng'ambo ya mto."

"Nani kakwambia uongo huo?"

"Harufu ya sabuni. Wewe umeanza lini kuoga?"

Tlali akacheka mpaka kofia ikamdondoka, na kabla hajaiokota kidole chake kilikuwa mkononi mwa 'Malimpho. Akakutwa na virusi. Alikaa chini akashika kichwa, na 'Malimpho akakaa naye palepale kwenye matope, akamwambia, "Mimi ninavyo. Nitazame. Nimekonda?"

Nesi Puseletso, aliyekuja na gari hilo, alimpa dawa za miezi mitatu, maana kambini hakuna wa kumpelekea. Lakini wingu lilikuwa limeshafunga mlimani, na mto ukijaa gari halivuki. "'Malimpho, huyu ni wa nyumbani kwenu," alisema huku akifunga masanduku. "Mweleze wewe, mimi nisije nikalala huku."

Akamweleza, na alieleza vizuri kuliko daktari yeyote niliyemsikia. Usimgawie mtu. Ukijisikia mzima usiache. Usiziweke karibu na moto. Mzee Letsatsi alikuwa ameketi ukutani hapo, anasikiliza kila neno.

"Kidonge kimoja, mng'ao mmoja," 'Malimpho akamalizia. "Mng'ao ukitoka, unameza. Umenisikia?"

"Nimekusikia, shemeji."

Na mzee akaitikia kwa kichwa taratibu, ameridhika na mke wa mwanawe, mwenye adabu hata katika mambo ya kopo la dawa.

Jumamosi yake chifu alichinja kondoo. Kijiji chote kilikuwa kimejua hali yake, na wenye virusi wote walikuwa na dawa. Tulikula nyama na papa, ugali wetu wa mahindi, tukacheza, wakubwa wa wilaya wakaja kupiga picha na 'Malimpho katikati. Siku hiyo alivaa viatu vya kanisani.

Halafu mvua zikaanza. Mwaka ule ukungu ulishuka ukakataa kuondoka. Wiki nzima inapita usijue mlima uko upande gani. Sisi huku chini tuliwasha moto mchana. Kule kambini ndiyo usiseme.

Baada ya wiki nyingi za ukungu huo, Tlali aliletwa na mchungaji mwenzake, amefungwa juu ya farasi kwa kamba kama gunia. Kichwa kilimuuma hata hawezi kuvumilia mwanga, shingo imekakamaa. Tulimlaza nyumbani kwa mzee wakati watu wanatafuta gari. 'Malimpho alipekua mzigo wake akatoa kopo la dawa, akalitikisa. Lililia zito. Lilikuwa karibu limejaa.

"Tlali! Umeacha dawa? Kwa nini umeacha?"

"Sikuacha." Alisema polepole, kwa fahari kabisa, hiyo ndiyo inayoniua mpaka leo. "Nimefuata ulivyosema, shemeji. Mng'ao ukitoka, nameza. Sikukosa hata mara moja. Ila mwaka huu haukutoka."

'Malimpho akafungua kopo, akaanza kuhesabu vidonge.

"Na kondoo ni hivyohivyo," akaendelea. "Ukimwogesha dawa siku ya ukungu, anakufa. Nikasema, kumbe na sisi."

Alijua kwamba kwa shemeji yake mng'ao ni jua. Kwamba ni siku pia, sisi tulijua kwa sababu tuliishi naye. Yeye aliishi na kondoo, nani angemwambia? Mzee Letsatsi ndiye aliyeelewa wa kwanza. Nilimwona anainua uso, anamtazama mwanawe, kisha anamtazama 'Malimpho, na mdomo wake unatamka jina lake mwenyewe bila sauti.

'Malimpho alianguka chini, sikuwahi kumdaka.

Hospitali ya wilaya walisema ugonjwa umeshapanda kwenye ubongo, na kama angemeza dawa vizuri tangu mwanzo huenda tungekuwa tunasema mengine. Tlali alifia hukohuko. Tulimzika kwenye ukungu, wanaume wa mbele wakiita ili wa nyuma wasipotee.

Gari la zahanati liliporudi, Nesi Puseletso alimwita 'Malimpho kando. Alikuwa amelia, macho mekundu. "Kuanzia leo unasema kama ilivyoandikwa kwenye kopo. Kidonge kimoja kwa siku. Neno lenyewe, usilizungushe."

Wa kwanza kwenye benchi alikuwa bibi mmoja kiziwi kidogo. 'Malimpho alishika kopo. "Kidonge kimoja kwa..." akakwama. Akaanza tena, akakwama palepale. Jasho lilimtoka.

Mzee Letsatsi akaja na blanketi lake, kofia mkononi. "Litaje, binti yangu. Mwenye jina ni mimi, na mimi nimekuruhusu."

"Siwezi, baba."

"Nakuomba."

Alifungua kinywa. Nilimwona akijaribu, wallahi alijaribu, shingo ilimvimba. Hakikutoka kitu ila kilio. "Nisamehe, baba. Ulimi hautaki."

Mzee akavaa kofia yake. Akasimama kando ya 'Malimpho, akamwinamia yule bibi sikioni.

"Letsatsi," akasema kwa nguvu. "Kidonge kimoja kwa letsatsi. Hata kukiwa na ukungu."

Tangu hapo hajakosa. 'Malimpho anashika kopo, anasema "kidonge kimoja kwa," ananyamaza, na mzee anamalizia kwa jina lake. Mwezi uliopita nilipofika mbele nilimwambia, "Ntate, baba yangu, mimi najua, pumzika." Akanikatalia. Alilitaja huku akitazama ile njia inayopanda kambini, akanipa kopo langu, akamwita anayefuata.