Tiki ya Siku ya Saba

Pale hospitalini walimwita Sista Usaha, na aliyebuni jina hilo alikuwa daktari, si mgonjwa. Yeye hakujali. Alikuwa muuguzi wa miaka hamsini na tatu, mwembamba, mjane, asiyejua kumung'unya maneno, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuhesabu mishono iliyooza. Kila aliyepasuliwa kwetu aliingia kwenye daftari lake, na hakutoka humo mpaka siku thelathini ziishe. Hata nyumbani hakupumzika. Mjukuu wake akichubuka goti, siku ya saba aliitwa kukaguliwa, atake asitake.

Mimi nilikuwa karani wake. Tulikaa chumba kimoja, zamani stoo ya magongo, dirisha likitazama kamba za kuanikia mashuka ya upasuaji. Asubuhi alizunguka wodini na tochi yake ndogo, akifunua bandeji, akinusa, akibonyeza pembeni ya mshono kwa kidole chenye glavu. Mchana alipiga simu. Hiyo ya simu ndiyo iliyowaudhi wakubwa. Kabla yake hospitali ilihesabu vidonda vilivyooza wodini tu, na kwa kuwa mama aliyejifungua kwa upasuaji huruhusiwa siku ya tatu, na usaha hupenda kuja siku ya saba, takwimu zetu zilikuwa safi kama sahani ya mgeni. Sista Usaha akaanza kuwapigia watu majumbani siku ya saba, ya kumi na nne na ya thelathini. Mwaka wa kwanza tu idadi ikapanda mara tatu. Bingwa wa upasuaji, bosi wetu, akamwambia mbele za watu kwamba anaitia hospitali aibu.

"Mimi sijaozesha mshono wa mtu, daktari," akamjibu. "Mimi nahesabu."

Katika kuhesabu huko alikuwa na sheria moja, na alinifundisha wiki yangu ya kwanza kama mtu anayemfundisha mtoto kuvuka barabara.

"Karani, watu wetu ukiwauliza hali watasema salama. Mtu amevunjika mguu, umuulize habari, atakwambia nzuri, halafu ndiyo akuombe umwitie gari. Kwa hiyo usiandike kitu. Nyamaza. Subiri aseme 'ila'. Ugonjwa unakaa nyuma ya 'ila'."

Na kweli nilisikia. Simu yetu ilikuwa na sauti kubwa, hata ukiziba masikio ilikufikia. "Salama, mama, tunashukuru." Kimya. Sista Usaha amefumba macho, kalamu hewani. "Ila hapa chini ya kitovu kunatoka majimaji." Hapo ndipo kalamu iliposhuka. Alijivunia daftari lile kuliko cheti chochote. Alisema kila kitu humo hospitalini kinaweza kudanganya, hata kipimajoto, lakini si daftari lake.

Ikaja Ijumaa moja mbaya. Tulikuwa na simu ishirini na sita za kupiga, na saa nane bingwa alitaka ripoti ya mwezi mezani kwake. Katibu muhtasi wake alisimama mlangoni kwetu, mkono kiunoni, akiguna kila baada ya dakika. Simu ya kumi na tisa ilikuwa ya fundi cherehani mmoja, mshonaji wa sare za shule, aliyejifungua kwa upasuaji wiki iliyotangulia baada ya kungoja mtoto miaka minne. Nilimkumbuka kwa sababu siku anaruhusiwa aliukagua mshono wake mwenyewe, akasema uzi wameuvuta sana upande mmoja, wodi nzima ikacheka.

"Hujambo, mwanangu? Mshono unaendeleaje?"

"Sijambo, mama. Unaendelea salama."

"Haya, asante," akasema Sista Usaha, akakata, akaweka tiki.

Nilisikia pumzi ya yule binti kabla simu haijakatika, ile pumzi mtu anayoivuta akitaka kuendelea kusema. Nikamtazama Sista. Katibu muhtasi akaguna. Nikainamia karatasi zangu.

Siku tano baadaye aliletwa nyuma ya pikipiki, amejifunga taulo tumboni, na taulo limelowa. Harufu ilimtangulia mlangoni. Usaha ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mfuko wa uzazi, na jioni ile ile walimfungua tena, wakauondoa mfuko wote ili abaki hai. Wiki hiyo hiyo walirudi akina mama wengine watatu waliopasuliwa siku moja naye. Fundi wa mitambo akaufungua mtambo wa mvuke unaotakasa vyombo vya upasuaji, akakuta mpira wa mlango umechanika. Mvuke ulikuwa ukivujia nje, na vyombo vilitoka vuguvugu tu.

Kikao kikaitishwa, nami nikaitwa kuandika muhtasari. Bingwa si mtu mbaya, niseme ukweli. Ni mtu mwenye jina la kulinda, na mimi watu wa namna hiyo nawaogopa zaidi. Alilifungua daftari la Sista Usaha, lile lile alilolidharau miaka mitatu, akaweka kidole kwenye mstari.

"Huyu aliyetolewa mfuko wa uzazi, siku ya saba alikuwa salama. Imeandikwa hapa, na sote tunajua Sista hakosei. Maana yake hakuambukizwa kwetu. Maambukizi kayapata nyumbani, kwa uchafu wa huko. Hao watatu wengine tutaona la kuwajibu."

Hesabu ile haikuhitaji kalamu, kila mtu mezani aliipiga. Tiki ilimwokoa bingwa, ikaiokoa hospitali, ikamwokoa na Sista mwenyewe. Wa kubebeshwa lawama alikuwa fundi cherehani peke yake, naye hakuwepo kujitetea.

Sista Usaha akasimama. Akaingiza mikono mifukoni mwa gauni.

"Tiki hiyo ni ya uongo," akasema. "Niliiweka mimi. Sikumuuliza kama pana joto, sikumuuliza kama panatoka kitu. Nilikuwa na haraka. Andika hivyo, karani."

"Sista, kaa kwanza ufikirie," bingwa akasema kwa upole.

"Nimefikiria siku tatu, daktari. Andika, karani."

Nikaandika. Juu ya ile pumzi niliyoisikia sikuandika wala kusema neno, na hilo ninalo mpaka leo. Mpira wa mtambo ulibadilishwa. Sista alipewa barua ya kuhamia chumba cha kadi, na simu ikapelekwa kwa katibu muhtasi. Daftari halikupewa mtu. Mimi nikaambiwa nipokee taarifa za wodini tu, na mwezi uliofuata takwimu zetu zilipendeza mno, zikabandikwa ubaoni. Nakasirika hata sasa ninapoyaandika haya.

Siku moja kabla ya kuhama aliniomba nimsindikize wodini. Nadhani alitaka nami nisikie, maana alijua siku ile ya simu nilikuwa pale chumbani. Fundi cherehani alilala ubavu, mtoto ananyonya. Sista Usaha akavuta kiti, akamweleza yote bila kuzunguka, tiki, haraka, mtambo, na maneno ya kikaoni.

"Nimekukosea, mwanangu," akamaliza. "Sina cha kukurudishia."

Binti hakulia. Alimpangusa mtoto mdomo kwanza.

"Kwani ulikata wewe?" akauliza. "Mimi nilijua ni mtandao. Nilitaka kukwambia panauma na pananuka. Mama mkwe akasema twende hospitali, nikamwambia tusubiri, si wamepiga wenyewe, watapiga tena. Nikakaa na simu kifuani siku tano."