Ndoo ya Beri na Lupini za Halldís

Mwaka wa sita huu Halldís anapanda kilima na fyekeo begani, na mwaka wa sita mdogo wake Ásgerður anamfuata nyuma akilalamika. Ásgerður alibeba ndoo ya marehemu mama yao ya kuchumia beri, matunda madogo ya buluu ya porini. Kila mwaka aliibeba, na kila mwaka ilirudi tupu.

"Dada, umeliua bonde la beri la mama."

"Umeshaniambia. Jana, juzi, na Krismasi."

"Ndiyo hivyo. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole."

Halldís alikereka mpaka goti bovu likasahau kuuma. Huyu mdogo wake alikuwa mjini Reykjavík akinywa kahawa wakati mchanga mweusi ulipokuwa unameza malisho, na yeye Halldís kila asubuhi akiuzoa kwa koleo ili mlango ufunguke. Hakuna aliyempa pole. Alijaza mbegu za lupini, mmea wa maua ya buluu wa jamii ya maharage, kwenye makopo ya kahawa, akazimwaga kwenye changarawe kwa mkono wake. Lupini haiombi mbolea; mizizi yake ina vinundu vinavyonasa naitrojeni ya hewani na kuilisha ardhi. Mchanga ukatulia, nyasi zikarudi, kondoo wakanenepa. Kisha lupini, isiyojua kutosheka, ikapanda kilima mpaka kwenye bonde la beri. Sasa bonde zima lilikuwa la buluu, na si buluu ya beri.

Walifyeka hadi mchana, kabla maganda hayajakauka na kupasuka yakimwaga mbegu. Chini ya lupini wakakuta vichaka vya beri vilivyobaki: eneo la ukubwa wa meza.

"Basi hizi tu?" Ásgerður akauliza.

"Hizi tu! Ningeuacha mchanga, ungekuwa unachuma mawe!" Halldís aliyapenda matunda yale kuliko yeyote, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Wakashuka na ndoo tupu. Chini ya kilima Ásgerður akasimama, akang'oa shina moja la lupini. Udongo mweusi ukaja na mizizi, na mnyoo ndani yake.

"Hapa si palikuwa changarawe?"

"Changarawe tupu."

Ásgerður akaunusa udongo ule. Akapiga magoti, akaanza kuuchota kwenye ndoo ya mama.

"Viazi vyangu vimegoma kumea," akanong'ona. "Usimwambie mtu, dada."

Halldís alijua udongo ule umejaa mbegu, na mbegu za lupini hulala miaka kabla ya kuamka. Akafungua mdomo amwonye, akaufunga.

"Jaza, mdogo wangu," akasema. "Jaza mpaka juu."