Mwalimu Aliyekuwa Mtambo

Si kweli kwamba marehemu alikuwa tapeli. Hayo yalisemwa msibani, tena na watu waliokuwa wakila chakula cha mjane wake, na kwa kuwa uongo usiojibiwa huota mizizi, ukweli na uandikwe.

Alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu wa shati la pasi hata siku ya kushinda nyumbani. Binti yake, msomi wa kompyuta, alitaka kutengeneza programu ya simu: mgonjwa aandike jina la dawa, aambiwe ipo duka gani. Kabla ya kuijenga yote, walitoa kwanza toleo dogo la majaribio, waone kama kuna wanaoihitaji. Sehemu ya kuulizia ilikuwa tayari. Mtambo wa kujibu haukuwepo. Mtambo alikuwa baba. Aliketi kwenye meza ya kulia chakula na simu mbili, akisoma swali, akipigia maduka kumi na mawili ya dawa, kisha akiandika jibu. Watengenezaji wengi wa programu huanza hivyo.

"Baba, siku hizi umekuwa kompyuta," binti alimtania.

"Kompyuta isiyopewa chai huharibika. Mwambie mama yako."

Shida ilitoka kwa muuza dawa mmoja mwenye domo. "Mzee, unanipigia kuliko mke wangu! Dawa iliyokuwepo jana, leo imeota miguu?"

Wenzake dukani walicheka, na Mwalimu aliwasikia. Aliona haya. Maisha yake yote hakuwahi kuitwa msumbufu. Siku iliyofuata mama mmoja aliulizia dawa ya kifafa ya mwanawe, na duka lenye dawa hiyo lilikuwa lile lile. Mwalimu alishika simu, akairudisha mezani. Akaandika jibu la jana: Ipo.

Haikuwepo. Mama alivuka mji mzima na mtoto, akaambiwa kopo la mwisho limeuzwa asubuhi. Mtoto akaanguka palepale, mbele ya duka. Alilazwa siku nne, akapona. Jioni ya siku aliyoanguka, ujumbe uliingia: "Mashine yenu imenidanganya. Mwanangu amelazwa."

Wafadhili walikuwa waje kesho yake kuamua kama wataitegemeza kazi hiyo. Binti alikuwa ameacha ajira kwa ajili yake.

"Baba, tuseme mtambo ulipata hitilafu. Basi."

"Mtambo ni mimi, mwanangu. Nimsingizie nani?"

Alisimama mbele ya wageni kama mbele ya darasa, akaeleza yote, hata ile haya yake. Walimsikiliza kwa adabu, wakafunga kompyuta zao, wakaaga. Hawakurudi.

Kutoka hapo alikwenda hospitali kumwomba radhi yule mama. Alimkuta ameinamia kitanda cha mwanawe.

"Kumbe ni mtu?" mama alisema. "Afadhali ingekuwa mashine."

Mwalimu aliomba radhi, akatoka. Alirudi nyumbani, akazima simu zote mbili, akaziweka kabatini. Tangu siku hiyo alikula kidogo na kusema kidogo zaidi. Binti akaenda kuajiriwa mji wa mbali. Miezi mitatu baadaye baba akazikwa.

Tapeli huficha. Huyu alijitaja mwenyewe, mara mbili kwa siku moja, wala hakuna aliyemlazimisha. Wanaouliza alikufa kwa ugonjwa gani, mjane wake amewasikia. Hatawajibu.