Mstari wa Jina la Mama

Fomu ya pasipoti ina mstari mmoja tu wa jina la mama. Hapo ndipo nilipokwama.

Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, nimechaguliwa kwenda kusoma muhula mmoja nje ya nchi kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Nafasi ilikuwa moja kwa idara nzima. Barua ilisema namba ya pasipoti ifike kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo nafasi inakwenda kwa anayefuata. Anayefuata nilimjua, tulikaa benchi moja, na kila asubuhi aliniuliza, "Vipi, pasipoti?" kwa upole ulionitia wasiwasi.

Mambo ya karatasi sikuyaogopa. Nikaenda ofisini na bahasha yangu kwapani, kifua mbele. Dada wa dirishani akaweka cheti changu cha kuzaliwa pembeni ya nakala ya kitambulisho cha taifa na maelezo yake, akatazama huku, akatazama kule, akaniuliza, "Mdogo wangu, kwani una mama wangapi?"

"Wawili," nikajibu haraka, kama mtu aliyeulizwa saa.

Akacheka. Mimi sikuwa natania.

Aliyenizaa anaishi Vingunguti. Nikiwa na miezi minane alishika mimba nyingine, akaumwa mpaka akashindwa kuninyonyesha. Dada yake akaja kutoka Mwananyamala, akanifunga mgongoni kwa kanga, akasema ananichukua wiki mbili. Wiki mbili hizo hazijaisha mpaka leo. Nimekua nikiwaita wote mama, na palipohitaji kutofautisha tulisema mama wa Vingunguti na mama wa Mwananyamala. Neno mama mkubwa tulilijua, ila nyumbani kwetu hakuna aliyelitumia. Kwa hiyo nilipojaza fomu ya kitambulisho cha taifa, mahali pa mama niliandika jina la huyu aliyekuwa ananiamsha kwenda shule, wala sikufikiri mara mbili. Cheti cha kuzaliwa kilikuwa na jina la mdogo wake.

Yule dada wa dirishani alinielekeza vizuri, Mungu ambariki. Wote wawili waende kwa wakili wakale kiapo: aliyenizaa aape kwamba ndiye, na aliyenilea aape kwamba siye. Hilo la mwisho alilitamka kama jambo jepesi.

Nilirudi nyumbani nikakaa siku mbili sijasema kitu. Ningeanzaje? Mtu amekuogesha, amekesha na homa zako, amekusuka nywele kila Jumapili, halafu umpeleke kwa wakili akakukane? Lakini siku zilikuwa zinakwenda. Siku ya tatu nikamwambia, akiwa amekaa uani na ungo mapajani. Hakuinua macho.

"Tutakwenda," akasema, akaendelea kupepeta mchele ambao ulishakuwa safi.

Ofisi ya wakili ilikuwa Sinza, chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya simu. Mama wa Vingunguti alitangulia kufika, amevaa baibui lake la Idi. Wakili, kijana mwenye haraka zake, alituamkia shikamoo za mkupuo mmoja, akachapa, kisha akasoma kwa sauti: "Naapa na kuthibitisha kwamba mimi siye mama wa mwombaji..."

"Hapana," akasema mama wa Mwananyamala.

"Hapana nini, mama?"

"Hiyo siapi. Mie nishike Msahafu, nile yamini kwamba huyu si mwanangu? Kesho mbele ya Mungu nikasemeje? Andika sikumzaa. Hiyo ni kweli, naiapia hata mara kumi."

Wakili akamwambia asijali, hayo ni maneno ya kisheria tu. Alikosea mtu. Mama zangu walilelewa Lindi na bibi aliyewafundisha kwamba kiapo cha uongo kinamla mwenyewe. Nikaangalia saa ya ukutani. Nakiri kwamba kwa dakika nzima nilimkasirikia mama: nafasi yangu ipotee kwa sababu ya neno moja! Kisha nikaiona mikono yake juu ya meza, ile ile iliyonisuka nywele kila Jumapili, nikaona haya.

Mama wa Vingunguti akajongeza kiti. "Mwanangu, andika kama anavyosema. Na uongeze kwamba amemlea tangu ana miezi minane."

"Hilo halihitajiki, mama."

"Mie ndo nalihitaji."

Wakili akafuta, akachapa upya, akasoma, akatoa karatasi. Mama wa Mwananyamala akashika kalamu lakini hakusaini. Akamgeukia mdogo wake, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Na akiumwa huko aendako, kwa karatasi hii, watampigia nani?"

Ndipo nilipoelewa alichokuwa anakiogopa siku zote zile.

"Watakupigia wewe, dada," mama wa Vingunguti akamjibu. "Mie nilikupa mtoto. Sikukuazima."

Mama akasaini. Mimi nililia palepale mbele ya wakili wa watu, na sikujali.

Pasipoti ilitoka zikiwa zimebaki siku nne. Mwenzangu wa benchi alinipongeza, na nadhani alifurahi kweli. Maisha yangu yote, kila habari njema ilianzia Mwananyamala. Vingunguti ilifika baadaye, wakati mwingine kesho yake. Siku hiyo nilisimama nje ya ofisi, pasipoti mkononi, nikampigia kwanza mama wa Vingunguti. Nikamwambia imetoka. Nikamwambia asante.

"Asante ya nini tena?" akauliza.

Nilitaka kumwambia yote, tangu ile kanga, maneno yakakataa kutoka.

"Haya, mwanangu, nimesikia," akasema. "Sasa mpigie mama yako."