Kilo za Mizani ya Alizeti

Majina ya watu wa siku zile ninayo yote, ya daktari, ya manesi, hata ya mama wa kitanda cha pili. Hapa siyaandiki. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo mambo yangu nayatunza kichwani, na watu wamezoea kuniuliza.

Binti yangu wa mwisho alijikata na jembe mguuni. Kidonda kikaoza kwa ndani, sumu ikaingia kwenye damu. Tulitoka kijijini kwetu Ihanja asubuhi; kufika mjini akalazwa wodi ya mahututi, hajitambui, anapumulia mashine.

Daktari, mwanamama mpole, aliniamkia, kisha akaniuliza binti ana kilo ngapi. Akanieleza kwamba dawa ya kuua vijidudu vile ni kali: ikipungua haisaidii, ikizidi inaumiza figo. Kwenye kompyuta yao kuna programu inayopiga hesabu ya dozi ya kila mgonjwa, nayo inataka umri, majibu ya figo na uzito. Vitanda vyao havipimi uzito, na mgonjwa mwenyewe hawezi kusimama.

Nikajibu papo hapo, sitini na nane. Nilikuwa na hakika. Msimu wa alizeti mnunuzi akija na mizani yake, sisi wanawake tukishapimiwa magunia tunapanda wenyewe, tunataniana nani kanenepa. Binti alipanda mbele yangu, mnunuzi akasoma kwa sauti. Daktari akaandika, akasifu kumbukumbu yangu. Nami nikafurahi, Mungu anisamehe.

Kesho yake mchana nilikuwa kwenye benchi nje, miguu imevimba, nikimuwaza mjukuu niliyemwacha kwa jirani, kama amekula. Ndipo nikamwona kichwani, siku ile ya mizani, yuko mgongoni kwa mama yake, amelala ndani ya kanga. Hatukumshusha. Nani anamwamsha mtoto kwa ajili ya mchezo?

Sikuinuka. Nilikaa pale muda mrefu, nasema labda kilo chache si kitu. Mwisho nikajikokota hadi mlangoni.

"Daktari, zile kilo ni za watu wawili."

"Wawili gani, bibi?"

"Yeye na mwanawe mgongoni."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema damu ya asubuhi imeonyesha dawa imejaa kupita kiasi na figo zimeanza kuchoka, na yeye alikuwa anatafuta sababu. Akakaa kwenye kompyuta, akafuta ile namba. Akaniuliza urefu wa binti. Nikamwambia sijui, ampime mwenyewe. Akaleta futi kamba, mimi nikashika upande wa kisigino. Kwa urefu ule wakakadiria uzito, programu ikapiga hesabu upya. Dozi ya jioni ikasimamishwa, zilizofuata zikapunguzwa.

Baada ya hapo kazi yangu ikawa kuutazama mfuko wa mkojo kila waliponiruhusu kuingia. Siku mbili ulikuwa na mkojo kidogo tu, mweusi kama chai ya rangi. Sikuomba kwa maneno.

Siku ya tatu nesi akaniambia mkojo umeongezeka na majibu ya figo yameanza kurudi sawa. Ndugu wa wagonjwa wengine wakanipongeza. Nilijilaza kwenye sakafu ya korido mchana kweupe, kanga usoni, nikalala hadi waliponiamsha kuniambia binti amefumbua macho.