Mashine ilisema imemaliza, lebo ikatoka na dozi ya jana

Saa tatu kasoro robo asubuhi, katika chumba kidogo nyuma ya dirisha la dawa, mwanamke wa miaka thelathini na minane ameibana mikono kwapani kama mtu anayesikia baridi. Baridi haipo. Amekatazwa kugusa kompyuta, na mikono yenyewe haijazoea kukaa bure.

Kompyuta iliyo mbele yake imetolewa kwenye boksi jana. Plastiki bado imeng'ang'ania pembe za kioo. Anayebonyeza vitufe ni mfamasia mkuu wa vituo tisa vya afya, mama wa makamo mwenye miwani inayoning'inia kifuani na asiyependa maneno mengi.

"Fundi, leo wewe ni mgeni," anamwambia bila kumtazama. "Na mgeni hapiki."

"Sawa, daktari," anajibu.

Mtaani kwake kila mtu humwita Fundi. Wapo wanaomletea pasi na redio zilizokufa, nao huondoka wamenuna wakiambiwa kwamba ufundi wake ni wa programu za kompyuta tu.

Anachokisubiri leo si kidogo. Wiki sita zilizopita programu yake ya kutoa lebo za dawa iliondolewa katika vituo vyote tisa kwa kosa ambalo lingeweza kumdhuru mtoto. Jaribio la asubuhi hii likishindwa, hairudi tena.

"Na mimi nitarudi masjala kupanga mafaili," anasema. "Mafaili sina ugomvi nayo. Lakini nitakuwa nawaona wale akina mama kwenye foleni kila siku, najua ningeweza kuwapunguzia kungoja na nikaharibu."

Masjala anaijua vizuri. Alikuwa karani wa kituo kwa miaka tisa, na kutoka mezani kwake aliwaona wahudumu wakiandika kwa mkono lebo zaidi ya mia mbili kwa siku. Ikifika saa nane mchana vidole vimechoka, mwandiko unalala, na mzazi anageuza chupa huku na huku akitafuta kilichoandikwa. Basi akaanza kujifunza kutengeneza programu, jioni baada ya kazi, katika chumba kilichokuwa stoo ya nyumba. Meza yake ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya kreti mbili. Tundu la kitasa lingalipo, na ndimo anamopitisha waya wa chaja.

Alichokiunda kinaitwa programu jalizi, yaani programu ndogo inayochomekwa kwenye chombo kikubwa ambacho watengenezaji hukitumia kuunganisha vipande vya kazi yao viwe programu moja. Yeye hukieleza chombo hicho kwa namna yake.

"Ni nyapara," anasema. "Kinagawa kazi. Wewe soma jedwali la dozi uandike lebo. Wewe chukua lebo uzipakie ndani ya programu. Wewe funga. Lakini nyapara hajui nani amsubiri nani mpaka umwambie."

Yeye hakumwambia. Kati ya kazi ishirini na tatu alizozipanga, ile ya kupakia lebo haikuandikiwa popote kwamba inaitegemea ile ya kuziandika.

Kwa miezi minane hakuna aliyejua. Kompyuta yake ya nyumbani ni mkongwe wa kweli. Hufanya kazi moja, hupumua, ndipo hushika nyingine, na kwa bahati tu ilizishika kwa mpangilio unaofaa. Ile ya makao makuu ya vituo ina nguvu na hufanya kazi kadhaa kwa mpigo. Siku ya kosa, kazi ya kupakia ikatangulia, ikakuta lebo za zamani zimelala palepale, ikazibeba.

"Ilikula kiporo na kujifuta mdomo," anasema Fundi. "Halafu ikatangaza imemaliza salama. Kama ingepiga kelele, ningeisikia siku ya kwanza."

Kiporo chenyewe kilikuwa cha hatari. Dawa ya homa ya watoto ilikuwa imeletwa mpya, yenye nguvu mara mbili ya ile ya awali, na mfamasia alishusha dozi kwenye jedwali kutoka mililita kumi hadi tano. Lebo ikatoka na kumi. Chupa ilikwisha kubandikwa na mama wa mtoto alikwisha kunyoosha mkono pale mfamasia alipotupa jicho na kuirudisha upesi. Hakuna aliyedhurika, mshukuru Mungu, lakini jioni ile ile amri ikatoka: kila kituo kirudi kwenye kalamu.

Fundi alipopigiwa simu, alisema sentensi ambayo watengenezaji wa programu wote duniani wamewahi kuisema, na ambayo anaijutia mpaka leo.

"Mbona kwangu inafanya kazi?"

"Basi nitawaleta wagonjwa kwako," mfamasia akajibu, na kukata simu.

Maneno hayo yalimchoma. Siku mbili alijaribu kulizalisha kosa lile nyumbani, likagoma kutokea. Siku ya tatu alimeza fedheha, akaenda makao makuu, akaomba kiti. Akakaa akitazama mistari ikipita kwenye kioo, mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Mara ya sita akaona: mstari wa kupakia umekamilika, na ule wa kuandika ndio kwanza unaanza.

Alirudi nyumbani mbio, akafanya kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa miezi yote ile. Alifuta kila kilichotengenezwa na programu zamani, akabaki na folda tupu. Kwa nini hakufuta mapema? Hapa anainamisha kichwa.

"Nikifuta, kompyuta yangu huchukua dakika arobaini na saba kuunda kila kitu upya. Niliziogopa dakika hizo. Uvivu tu, nisikudanganye."

Kisha akaiamuru kazi ya kupakia peke yake. Mashine ikasimama na maandishi mekundu: faili la lebo halipo. Fundi akapiga kigelegele.

Wifi yake, anayeishi naye na ambaye ulimi wake haujawahi kulala na deni, alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Nani kajifungua?" akauliza. Alipoonyeshwa maandishi mekundu, alitikisa kichwa. "Makubwa! Wenzako hushangilia wakifaulu, wewe unashangilia ukikwama."

"Wifi, hujui nimelitafuta vipi hili kosa," Fundi akamjibu huku machozi yanamtoka.

Dawa ya kosa lenyewe ilikuwa ndogo. Angeweza kuandika sentensi moja tu: hii iisubiri ile. Lakini alihofu kwamba penye moja hapakosi la pili. Kwa siku sita alizichukua kazi zake zote ishirini na tatu, akafuta kila kitu, akaiita moja baada ya nyingine ifanye kazi katika folda tupu. Zilizokuwa zikiishi kwa viporo zilijitaja zenyewe. Zilikuwa nane.

Ndipo alipoacha kuziba viraka. Sasa kila kazi inatakiwa kutamka inachukua nini, kutoka kwa nani, na inaacha nini, na chombo kinapanga foleni chenyewe kutokana na matamko hayo. Isiyotamka haipewi nafasi.

Kulikuwa na jambo gumu zaidi ya hilo. Watengenezaji wengine kumi na mmoja, wasiomjua hata kwa sura, walikuwa wameichukua programu jalizi yake na kuitumia katika kazi zao. Hakuna aliyekuwa amelalamika.

"Nani kakuuliza?" wifi yake alimwambia alipomwona anaandika barua. "Rekebisha kimyakimya, wapelekee mpya, mambo yaishe."

"Mficha uchi hazai," Fundi akajibu, akatuma barua zote kumi na moja kabla moyo haujageuka. Kumi walimshukuru. Mmoja alijibu kwa mstari mmoja kwamba anaiondoa na asitafutwe tena. Fundi anakiri kwamba siku hiyo hakula.

Ndiyo maana asubuhi hii mikono imebanwa kwapani.

Mfamasia anabonyeza. Mistari inapita. Kompyuta mpya, isiyowahi kuiona programu hii, inachukua dakika nne tu. Lebo inatoka: dawa ya homa ya watoto, mililita tano, mara tatu kwa siku. Fundi anashusha pumzi, anataka kusimama.

"Kaa," mfamasia anasema. "Sijamaliza."

Anafungua jedwali la dozi, anaandika mililita nne badala ya tano, halafu kwa makusudi analiharibu: anafuta kichwa cha safu nzima ili kazi ya kuandika lebo ishindwe kulisoma. Lebo za tano zimebaki ndani ya kompyuta, ziko tayari kubebwa. Ni mtego ule ule wa wiki sita zilizopita, umetegwa na mtu mwenye kumbukumbu nzuri. Anabonyeza tena.

Fundi amefumba macho.

Kwenye kioo yanatokea maandishi mekundu. Mfamasia anavaa miwani na kuyasoma kwa sauti, polepole: "Kuandika lebo kumeshindwa. Kupakia hakutaanza."

Anarudia kubonyeza mara mbili, kama mtu anayetikisa kufuli kuona kama limefunga kweli. Mara zote mbili inamkatalia. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza asubuhi hii anamgeukia mwenzake.

"Imenigomea, mimi mwenyewe," anasema, na uso wake unafunguka. "Hii sasa naweza kuiweka mbele ya wagonjwa. Jumatatu tuanze na kituo hiki. Ikimaliza mwezi, tunarudi vyote tisa."

Fundi anafunika uso kwa viganja. Akiviondoa, analia na kucheka kwa pamoja, na anaomba radhi kwa yote mawili.

Mipango anayo tayari. Anataka kuandika mwongozo mfupi kwa Kiswahili kwa wanaoanza kutengeneza programu jalizi, na sura ya kwanza itakuwa juu ya kufuta kila kitu na kuanza upya, hata kama mashine yako ni kongwe. Anatumaini watakaousoma hawatahitaji kuwaandikia watu barua kumi na moja. Lakini hayo yatasubiri.

"Jumatatu nitakuwa hapa dirishani tangu asubuhi," anasema. "Nitasoma kila lebo kabla haijabandikwa. Na Jumanne pia. Na Jumatano, mpaka daktari anifukuze."

"Nitakufukuza," mfamasia anasema akiiweka kalamu ya lebo ndani ya droo. "Lakini si kabla ya Ijumaa."