Re, So, Do Jikoni kwa Mwalimu

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nimepiga gitaa miaka sita na wasikilizaji wangu ni sofa na paka, na paka huondoka mapema. Kwa hiyo bendi moja ya hapa Iringa iliponiita nikajaribiwe Jumamosi, kwa wimbo mmoja wa zamani wa jazz, niliitamani nafasi ile na kuiogopa kwa pamoja. Sehemu ya kati ilinibidi niibuni mwenyewe papo hapo, nikifuata kodi za wimbo, yale mafungu ya sauti yanayolia pamoja.

Kodi zilikuwa zaidi ya thelathini. Kila moja nikaitafutia skeli yake, ngazi ya noti zinazoendana nayo, daftari likajaa. Nikaenda kujionyesha kwa jirani yangu pale Mlandege, mwalimu mstaafu wa kwaya ya Kilutheri, ambaye jazz hajawahi kuipiga. Nilimkuta jikoni akichambua maharage. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho.

"Mwanangu, unapiga kama sisi Wahehe tunavyokwenda sokoni," alisema. "Kila mlango unasimama: kamwene, habari za watoto, habari za kuku. Utafika saa ngapi?"

"Lakini Mwalimu, kodi ni nyingi."

"Nyingi wapi? Lete hilo daftari."

Akafuta mikono kwenye kitenge, akaandika chini ya kodi zangu kwa lugha ya kwaya, ambayo do ndiyo nyumbani kwa wimbo: re, so, do. Re, so, do. Tena. Msitu wangu wote ukawa njia moja inayorudi nyumbani kila mara. Katikati akasita, akaimba kidogo kwa sauti ya chini.

"Hapa do imehama mtaa. Hama nayo, ubeti ukikaribia kwisha urudi."

Mimi ninayeusikiliza wimbo ule kila siku sikuwa nimeliona hilo.

"Sasa piga. Ila ukifika so, nyamaza kidogo. Wameshajua unarudi, waache wakungoje."

Jumamosi ikafika. Nilipiga noti chache mno, nikanyamaza pale alipoagiza, nikamwona mpiga ngoma ameinama mbele ananisubiri. Nilipomaliza, kiongozi wa bendi aliuliza ni nani kanifundisha kunyamaza namna ile. Nikamwambia.

"Ijumaa uje mazoezini," alisema. Kisha akauliza, "Huyo Mwalimu anapokea mwanafunzi mwingine?"

Nikamjibu aende akamwulize mwenyewe, ila ajiandae kuchekwa.